Deni Hufuata Zizi

Barabara ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, imebeba majina manne ndani ya karne moja. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya migunga. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 hawakujisumbua sana, wakatafsiri tu: Acacia Avenue. Uhuru ulipokuja ikawa Independence Avenue. Baadaye ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji, na leo hakuna konda wala dereva wa bodaboda atakayekuelewa ukimtajia lile la kwanza. Majina manne, njia ni ile ile, na bahari ni ile ile nyuma ya majengo.

Sasa swali langu ni hili, na nimelibeba muda mrefu: jina likibadilika, deni huenda wapi?

Naliulizia hapo kwa sababu Samora na mitaa inayoizunguka ndiyo eneo letu la pesa. Ukitoka kwenye sanamu ya Askari ukashuka na Mtaa wa Azikiwe kuelekea baharini, utafika makao makuu ya NBC. Benki Kuu ya Tanzania, iliyofungua milango Juni 1966, ina majengo yake Mtaa wa Mirambo, jirani tu. Kati ya benki na benki kuna ofisi za bima, mawakili, mawakala wa ndege, wauza miwani, na machinga aliyetandika mikanda na chaja juu ya turubai. Hapo deni siyo aibu. Deni ni biashara, lina karatasi, riba, dhamana na tarehe. Kama kuna mahali nchini ambapo watu wangetakiwa kujua nani anamdai nani, ni pale.

Na naliuliza kama mtu wa Tarime. Utasema, wewe na Samora wapi na wapi? Kutoka kwetu hadi Posta ni karibu siku nzima ndani ya basi. Lakini hebu tembea uone. Kuna mtaa unaokutana na Samora unaitwa Zanaki, jina la kabila la Mwalimu Nyerere, majirani zetu wa Mara. Yule askari wa shaba aliyeelekeza singe bandarini, sisi Wakurya tunamwangalia kama ndugu, maana kwetu jeshi limekuwa shamba la pili tangu enzi za King's African Rifles hadi JWTZ. Ni vigumu kupata boma ambalo halijawahi kutoa mtu wa kuvaa gwanda. Dhahabu inayotoka Nyamongo ni sehemu ya hesabu zinazopigwa ndani ya majengo yale. Hata migunga yenyewe, ukitaka kuiona kwa wingi, njoo wilaya ya Serengeti, vuka Mugumu, endelea mbele. Utachoka kuihesabu.

Kwa hiyo siyo mtaa wa watu wengine. Ni wetu pia, na madeni yake ni yetu, ama ya kulipa ama ya kudai.

* * *

Kabla ya kurudi Samora, nisimulie kesi niliyoishuhudia nikiwa kijana, kwenye ritongo. Kwa asiyejua, ritongo ni baraza la wazi la wazee, ambapo mambo ya ng'ombe, mahari na mipaka husemwa mbele ya kila mtu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kwetu, tumwite Chacha maana akina Chacha tuko wengi. Zamani sana alipewa mtamba na rafiki yake wa Ngoreme, ng'ambo ya Mto Mara, kwa ahadi ya kurudisha mtamba mwingine. Miaka ikapita. Rafiki akafariki. Chacha akahama kijiji, akaokoka, akabatizwa, akawa Petro. Mtoto wa yule rafiki alipokuja kudai, Petro alisimama mbele ya watu akasema kwa utulivu kabisa: Chacha mnayemtafuta alikufa majini, mimi ni Petro, na Petro hana deni na mtu.

Watu walicheka, lakini wazee hawakucheka. Mmoja wao alimwambia: "Mura, hongera kwa jina. Tumelipokea. Sasa tuambie, maziwa alikunywa nani?"

Petro akanyamaza. Mwanawe mkubwa akarukia: yeye hakuwepo wakati ule, hakunywa maziwa yoyote, kwa nini mali yake iguswe? Hapo ndipo ritongo ikawa kimya kweli, maana lile lilikuwa swali gumu kuliko la baba yake. Yule mzee akamuuliza ng'ombe waliomo zizini wametoka kwa nani. Kijana akajibu, kwa baba. Na wa baba? Akasita. Kila mtu alijua ule mji wote wa ng'ombe ulianzia kwa mtamba yule wa Ngoreme.

Mzee akasema maneno ambayo sijayasahau: "Deni halifuati jina. Linafuata zizi."

Mtamba ulitoka. Na jambo moja dogo lilinigusa kuliko hukumu yenyewe. Tangu asubuhi wale wageni wa Ngoreme walikuwa wakimwita Chacha. Walipomaliza kumfunga mtamba kamba, wakamwaga wakisema, "Haya, baki salama, Petro." Walikuwa wameanza kuliamini jina jipya.

Si ajabu kwamba maneno yale yalitoka Ukuryani. Kwetu kuna ndoa inayoitwa nyumba ntobhu, ambayo mama asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke kwa ng'ombe zake ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Wasiotujua huishangaa. Lakini maana yake mojawapo ni kwamba nyumba ni kitu kinachoendelea hata watu wakiondoka. Mtoto huyo hurithi ng'ombe wa nyumba, na hurithi pia wanaoidai nyumba. Hawezi kuchagua kimoja akaacha kingine.

* * *

Swali hili ni la zamani kuliko Samora. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Siasa, anaeleza kuhusu miji iliyomng'oa dikteta ikaweka utawala wa watu. Wapo waliokataa kulipa madeni wakidai kwamba aliyekopa ni dikteta, siyo mji. Aristotle akachunguza vizuri sana ni kitu gani kinaufanya mji uwe mji ule ule, kama ni kuta, ni watu, au ni katiba. Akaelemea kwenye katiba. Lakini kuhusu kama ni haki kulipa au kutolipa, akasema hilo ni suala jingine, akaliacha kando.

Mtu wa Mara hakuliacha kando. Mwaka 1961 Tanganyika ilipokuwa inapata uhuru, Nyerere, mtoto wa Butiama, alilazimika kujibu: mikataba yote ambayo Uingereza ilitia saini kwa niaba yetu, tunaibeba? Jibu lake limeingia kwenye vitabu vya sheria za kimataifa. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka miwili, ikichambuliwa mmoja mmoja, na ule ambao haukukubaliwa upya ungekufa. Mwaka 1962 serikali yake ikatangaza kwamba haifungwi na makubaliano ya mwaka 1929 kuhusu maji ya Nile, yaliyoipa Misri usemi juu ya ziwa letu. Ndiyo, ziwa ambalo Mto Mara unamwaga maji yake.

Je, Nyerere alikuwa Petro, akikwepa deni kwa kubadili jina? Nimelifikiria sana hili na nasema hapana. Makubaliano yale ya Nile hayakuacha kitu zizini kwetu. Waliandikiana watu wawili juu ya maji ya mtu wa tatu, na huyo wa tatu hakuulizwa wala hakunywa maziwa. Ukipima kwa kipimo cha ritongo, hapo hakuna deni la kufuatwa.

Lakini angalia alichofanya miaka mitano baadaye. Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki yote ya binafsi yalitaifishwa. Barclays, Standard na wenzao walikuwa na matawi eneo hilo hilo la Samora. Majengo, kaunta, masanduku ya chuma, vyote vikaingia kwenye benki moja mpya, NBC. Na serikali ile ile iliyokataa mikataba ya mkoloni ikaahidi fidia kamili na ya haki, na baada ya majadiliano mabenki yakalipwa. Kuna wanaoona hapo kigeugeu. Mimi naona kanuni moja. Mikataba haikuja na ng'ombe, lakini mabenki yalikuja na zizi zima, na aliyechukua zizi akakubali deni lake.

* * *

Kwa kipimo hicho hebu tuitembee Samora jina kwa jina.

Tuanze na Wajerumani. Askari waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck hadi Novemba 1918 hawakulipwa mishahara yao yote. Wengine waliishia kupewa karatasi za ahadi. Dola iliyowaajiri ikaanguka. Ikaja jamhuri, ukaja utawala wa Hitler, Ujerumani ikagawanyika mara mbili. Bado mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha fedha za kuwalipa waliobaki hai. Husimuliwa kwamba mtu wa benki alitumwa Mwanza na sanduku la pesa, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache sana walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, wengine mikono mitupu. Yule mtu wa benki akamkabidhi kila mmoja fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Napenda kisa hicho na kinanichoma papo hapo. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, alishikilia kwamba kinachomfanya mtu awe yule yule ni kumbukumbu yake, na kwamba ndiyo maana anaweza kudaiwa jambo la jana. Wale wazee walibeba kumbukumbu yao mabegani kwa miaka karibu hamsini, na mdaiwa akaitambua ingawa yeye mwenyewe alikuwa amebadili jina, bendera na mipaka. Lakini fikiria pia aibu ya mzee wa miaka sabini kucheza gwaride na fagio ili apewe jasho la ujana wake.

Waingereza nao waliacha sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, kwa heshima ya Waafrika waliokufa katika vita ile. Maneno yake yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling. Yanawataja na wapagazi, na yanaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Soma tena ahadi hiyo ukiwa umesimama pale, magari yakikuzunguka. Jina lipi? Juu pana askari mmoja wa shaba, na chini hakuna jina la mtu hata mmoja aliyekufa.

Hao wapagazi ndio Carrier Corps, ambao ulimi wetu uliwageuza kuwa Kariakoo. Kila siku maelfu ya watu wanataja deni hilo wakienda kununua nyanya na vitenge, bila kujua. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, na wengi mishahara yao haikufika kwa wajane wao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wazungu. Kukiri ni mwanzo mzuri, ila dawa ya deni ni kulipa, na wanaopaswa kulipwa hawajaorodheshwa. Mabenki ya mtaa ule yalipata fidia, wapagazi wakapata mnara. Niambie nani alikuwa na mwanasheria.

Na sisi je? Hapa ndipo wengi wetu tunapopenda kufunga daftari.

Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja zikachukuliwa na serikali, zikasimamiwa na Msajili wa Majengo, na baadaye zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Wenyewe wengi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na mitaa ya eneo la Samora ilikuwa imejaa majengo yao. Fidia ilipunguzwa kwa kadiri ya umri wa jengo, na lililozidi miaka kumi halikuwa na kitu. Familia nyingi zilifunga mizigo zikaondoka.

Najua utetezi, na siuoni mwepesi. Mtu alikuwa anakusanya kodi za nyumba tano wakati mtoto wa Tarime anasoma chini ya mti. Isitoshe, siyo kila zizi ni halali. Sisi Wakurya tunalijua hilo kuliko wengi, maana tuna historia ya wizi wa mifugo na wazee wetu walikuwa na swali lake: ng'ombe hawa waliingiaje hapa? Kama waliibwa, aliyewarudisha kwake hadaiwi. Lakini ritongo haikuwahi kujibu swali hilo kwa wazizi wote kwa mpigo. Kila zizi lilisikilizwa peke yake, mwenye nalo akiwa amesimama hapo, akisema. Sheria ya 1971 iliweka alama ya shilingi laki moja na miaka kumi, ikamaliza kazi. Pengine kati ya majengo yale lilikuwamo lililojengwa kwa unyonyaji, na pengine lilikuwamo la fundi cherehani aliyejinyima miaka thelathini. Hatukuuliza. Tuliyachukua mazizi yote kwa jina zuri, na tunaendelea kuyapangisha.

Mwaka mmoja baadaye, 1972, Tanzania Publishing House, ambao duka lao la vitabu lilikuwa Samora hapo hapo, walishirikiana na Bogle-L'Ouverture wa London kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kwetu wasomaji hilo ni jambo la kujivunia: katikati ya mtaa wa benki, duka la vitabu likauza hesabu ambayo benki haikuipiga. Kitabu kile kilitufundisha kuuliza maziwa alikunywa nani. Deni lake kwetu limebaki hilo, kwamba tukishajifunza swali hatuwezi kulielekeza Ulaya peke yake.

* * *

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko swali linakouma.

Mgodi wa North Mara, pale Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Tangu hapo wenye mgodi wamebadili majina kwa kasi ambayo Samora haikuifikia. Walianza Afrika Mashariki Gold Mines, wakaja Placer Dome, akaja Barrick, ikaja African Barrick Gold iliyoingia soko la hisa la London mwaka 2010. Halafu mwaka 2014 kampuni ikajiita Acacia. Nilipolisoma jina hilo gazetini nilicheka peke yangu. Mgunga ule ule! Umetoka kwetu, ukaenda kuwa barabara ya Wajerumani na Waingereza, ukarudi kwetu ukiwa kampuni. Mwaka 2019 Barrick ikainunua Acacia yote na jina likafutika. Mwaka 2020 yakatiwa saini makubaliano ambayo serikali ina asilimia 16 ya hisa za migodi, chini ya kampuni ya pamoja iitwayo Twiga. Yaani mti umeondoka, ameingia mnyama anayekula majani yake.

Katikati ya majina hayo kuna watu. Mwaka 2013 wanakijiji wa Nyamongo walifungua madai London dhidi ya African Barrick Gold, kuhusu watu waliouawa na waliojeruhiwa kwa risasi mgodini. Kampuni iliyapinga. Mwaka 2015 pande zote zikamalizana nje ya mahakama, na kufikia siku hiyo mdaiwa alikuwa anaitwa Acacia. Jina lilibadilika katikati ya kesi, kesi haikubadilika. Sheria za makampuni, ukizisoma vizuri, zinakubaliana na mzee wa ritongo.

Mwaka 2022 familia za watu wawili waliouawa zikafungua madai mengine London, safari hii dhidi ya LBMA, chama kinachoweka vigezo vya dhahabu inayokubalika katika soko la London. Ofisi zake ziko eneo la fedha la mji ule, jirani na Benki Kuu ya Uingereza na Lombard Street, mtaa uliopata jina kutoka kwa wafua dhahabu na wakopeshaji wa Lombardia, kaskazini mwa Italia. Sitahukumu kesi za watu. Ninachokiona ni kwamba familia zile za Nyamongo, bila kumsoma Aristotle, zimefanya ambacho mtoto wa Ngoreme alifanya. Zimefuata nyayo za ng'ombe hadi kwenye zizi, hata kama zizi limejengwa kwa mawe meupe ng'ambo ya bahari.

Lakini asilimia 16 zinatusogeza mimi na wewe karibu. Zamani tulisimama nje ya uzio tukipiga kelele. Sasa tumo zizini, hata kama kwenye kona. Gawio likipokelewa Dar es Salaam kwa picha na makofi, ndani yake kuna maziwa. Hatuwezi kusema mashimo yale, nyumba zile zilizohamishwa na makaburi yale ni mambo ya Chacha, sisi ni Petro.

Na kuna zizi kubwa zaidi ya mgodi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Wamaasai walihamishwa, upande wetu wa magharibi Waikoma, Wanata na wengine wakajikuta mawindo, visima na makaburi ya babu zao yako ndani ya mstari. Uliopitishwa na Mwingereza ulikuwa mpaka, tuliourithi sisi ni mpaka pamoja na mapato. Wazee wa Robanda bado wanaweza kukuonyesha kwa kidole, juu ya migunga, wapi palikuwa pa nani. Ndani ya hifadhi kuna mahali panaitwa Kilimafedha, palipochimbwa dhahabu enzi za ukoloni. Jina linasema wazi kilichotafutwa. Nani aliishi hapo, jina halisemi.

Sisemi hifadhi ifutwe. Naipenda, na ninajua bila hiyo nyumbu wangekuwa hadithi. Nasema mwenye zizi asikwepe kusikiliza. Kulipa siyo lazima iwe fedha mkononi. Kwa wapagazi, kulipa kunaweza kuanza na orodha ya majina, na vijana wetu wa historia wapewe kazi ya kuyatafuta vijijini kabla wajukuu hawajaisha. Kwa waliopoteza majengo 1971, kunaweza kuanza na kusikilizwa, mmoja mmoja. Kwa Robanda na Nyamongo, kuanze na kikao cha wazi ambacho anayedai hasimami kama mwomba msaada, anasimama kama mtu mwenye hesabu yake mkononi.

Samora Machel hakutuomba barabara. Sisi ndio tuliompa, na kumpa mtu wa ukombozi mtaa wa benki ni kama kuandika hundi. Siku moja mtu ataipeleka kaunta. Siku hizi kuna hamu kubwa ya kubadili majina ya mitaa, huku kwetu na duniani kote. Huko Hamburg mwaka 1968 wanafunzi waliiangusha sanamu ya Hermann von Wissmann, ambayo zamani ilisimama Dar es Salaam. Sina ugomvi na hayo. Vibao vipya vikiwekwa nitapiga makofi na wengine. Halafu nitauliza kuhusu maziwa.